Mkono Niliofundisha Usiguswe

Admin, nifiche kabisa, maana wengi wa kanisa letu wako kwenye ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka sabini na saba, muuguzi mstaafu, naishi huku Nyamache. Naandika mwenyewe kwa simu, polepole, kwa sababu naona aibu kumwambia mjukuu wangu aniandikie.

Miaka ya sabini nilikuwa sista katika hospitali ndogo Kisii. Kati ya wote nilichaguliwa mimi kwenda Nairobi kwa kozi ya siku tano, ya kutibu watu waliopatwa na ajali ya mionzi, kama ile ya mashine za eksirei. Niliporudi nilipokelewa kama bibi harusi, na nikaambiwa niwafundishe wenzangu.

Mwalimu, Mzungu, alikuwa na maneno mawili. Moja la mtu aliyepigwa na mionzi tu: huyo mguse, mtibu, hana cha kukupa. La pili la mtu mwenye vumbi la mionzi mwilini: huyo okoa maisha yake kwanza, kisha mvue nguo umwoshe kwa maji na sabuni. Kiingereza changu kilikuwa cha kutikisa kichwa tu. Yote mawili niliandika "ameambukizwa". Wenzangu nikawaambia, "Mtu wa mionzi ni kama wa TB. Msimguse."

Miezi michache baadaye mpiga eksirei wetu, nimwite Onchiri, alifungua mashine iliyokwama akidhani imezimwa. Baada ya siku kadhaa mkono wake wa kulia ulivimba na ngozi ikaanza kutoka. Tulimweka chumba cha mwisho, chakula tukakisukuma mlangoni kwa mguu. Bandeji alijifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mke wake aliponiuliza kama wanaweza kula obokima, ugali wetu, sahani moja, nilimjibu, "Hapana, mama. Utaua watoto."

Onchiri alipokwisha kurudi kwao, nilizisoma karatasi za kozi nikiwa na kamusi. Ndipo nilipoelewa kuwa yeye alikuwa wa neno la kwanza, hana cha kumpa mtu. Kwake ni mwendo wa saa moja tu kwa miguu. Sikwenda, kwa sababu nilikuwa nimepandishwa cheo kwa ajili ya kozi hiyohiyo. Niliposikia amejengewa nyumba kando na anakula peke yake, nilijiambia atasahau.

Mwezi jana nilimkuta kwenye mazishi, mzee wa mkongojo. Nilimnyoshea mkono. Akarudi nyuma, akauficha wake kwenye mfuko wa koti.

"Sista, umesahau? Si ni wewe ulitufundisha? Mimi sijabeba hata mjukuu mmoja." Kisha akatabasamu. "Lakini watoto wangu wote wako wazima. Nimekuwa nikitafuta siku ya kukushukuru."

Nilimwitikia, "Karibu, mzee," nikaenda zangu. Hilo ndilo linaloniua.

Jamani, nikimwambia ukweli, atajua miaka yote hiyo alikaa peke yake bure. Nikinyamaza, atazikwa bila kumpakata mtoto wa mwanawe. Nishaurini, nianze na neno gani nikifika kwake?