Umeshindwa Kulima Wiki Hii?

Mama mkubwa hakuwahi kusema anaumwa. Alisema mguu unamsumbua, kama mtu anayemsema mbuzi mkorofi. Yeye, dada mkubwa wa mama yangu, ndiye aliyenilea katika kijiji kimoja upande wa Ushirombo, na mwaka nilioajiriwa kuuliza watu habari za afya zao, nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekwisha kumnyang'anya kila kitu isipokuwa sauti.

Ilikuwa miaka ile baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na hospitali moja ya mjini ilitafuta vijana wanaojua Kisukuma wapite nyumba hadi nyumba na fomu. Madaktari wa mifupa walikuwa wanakuja. Lori lingechukua watu kumi na wawili tu kutoka kwetu, na fomu ndiyo ingewachagua: maswali ishirini, kila jibu na alama yake. Ambaye ugonjwa umemwelemea zaidi angepata alama nyingi zaidi, naye angepanda lori. Nililipenda jambo hilo kwa moyo wote wa ujana. Hapakuwa na shemeji wa mganga wala kuku wa kumpelekea mtu. Palikuwa na karatasi, na ukweli wa mgonjwa mwenyewe.

Tuliamriwa kusoma kila swali kama lilivyo, bila kuongeza neno. Tuliamriwa pia kufuatana na balozi wa nyumba kumi, ili watu wasituogope.

Tulimkuta mama mkubwa mlangoni, miguu ameinyoosha juu ya jamvi, akikatakata viazi vya kuanika michembe. Balozi alivuta kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuwa serikali?"

Balozi akacheka. Nikaanza kusoma. Je, unaweza kuinama kufunga kamba za viatu?

"Kwanza mniletee viatu," alisema, "ndipo niwaambie kama naviweza."

"Andika anaweza," alisema balozi, akijifuta machozi ya kicheko.

Nilipofika swali la tisa, mzaha uliisha. Je, katika wiki hii umeshindwa kulima au kufanya kazi zako kwa sababu ya maumivu? Mama mkubwa aliacha kisu. Hakunitazama mimi, alimtazama balozi.

"Sijashindwa," alisema. "Nimelima. Shamba lipo, mkalione."

Niliandika hapana. Nilijua nyonga yake, nilijua jinsi alivyoshika ukuta akienda chooni, na bado niliandika, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda shambani kwake peke yangu. Nilimwona kwa mbali nikadhani ni mtoto, kwa jinsi alivyokuwa mfupi kati ya matuta. Alikuwa amekaa chini. Alikuwa amejifunga kiunoni kwa kamba ya katani kipande cha ngozi ya ng'ombe, manyoya yakiwa yamesuguliwa yote yakaisha, na alilima kwa jembe lililokatwa mpini, akijiburuza kwa makalio hatua moja, anapiga, hatua moja, anapiga. Nyuma yake udongo ulibaki na mfereji kama njia ya nyoka mkubwa.

"Mama, mbona jana hukusema?"

"Niseme mbele ya nani?" Alifuta jasho kwa kiganja. "Yule ndiye aliyempeleka jirani yangu mahakama ya mwanzo kwa ajili ya ekari ya pamba ya lazima aliyoshindwa kuilima. Alimuuliza hivyo hivyo: umeshindwa kulima? Nawe umekuja naye, umeshika kalamu."

Nilirudi nikazitandaza fomu zote sakafuni. Swali la tisa: hapana, hapana, hapana, nyumba baada ya nyumba. Waliojibu ndiyo walikuwa karani wa ushirika, walimu wawili, na mwenye duka. Hawakudanganya, kila mmoja alikuwa anaumwa kweli. Ila wao hawakuwa na ekari ya kukaguliwa.

Msimamizi wetu, mtu mpole aliyevaa miwani, alinisikiliza hadi mwisho.

"Swali ni moja kwa wote," alisema. "Hiyo ndiyo haki."

"Kwa karani ni swali la daktari. Kwa mama yangu ni swali la bwana shamba."

Alivua miwani. "Basi rudia. Kwa wote, bila balozi. Lakini nataka fomu jioni hii."

Nyumba zilikuwa zaidi ya mia. Penseli yangu ilikuwa na kifutio nyuma yake, na fomu ya mama mkubwa ilikuwa juu kabisa. Nililigusa lile neno kwa kifutio. Nikamkumbuka mwanamke wa nyumba ya saba, aliyejibu hapana huku ameng'ata upindo wa kanga, naye hana mtoto mwenye penseli. Nikazikabidhi zilivyo.

Lori liliondoka asubuhi. Karani alitupungia mkono.

Nilimweleza mama mkubwa kila kitu, pale pale kwenye matuta. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Kumbe walioshindwa ndio wamechukuliwa?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka kwa sauti yake ile nzima, kisha kicheko kikakatika. "Ungeniambia, mwanangu. Ningeshindwa."

Balozi alikuwa anapita na baiskeli yake kwenye njia ya pembeni ya shamba. Mama mkubwa aliisikia kengele, akaivuta kanga kuifunika ile ngozi, akanyoosha mgongo.

"Kazi inakwendaje, mama?" aliuliza balozi bila kusimama.

"Inakwenda," alijibu, akapiga jembe.