Mbunge wa Benchi la Nyuma

Binti yangu alirudi kutoka shule amenuna, akatupa begi juu ya vitambaa vyangu vya kanzu, akaniambia kwa Kiingereza chake cha hapa Joburg kwamba amekuwa mbunge. Hee! Nikaacha cherehani. Mtu anapewa ubunge halafu ananuna?

Akanieleza. Darasa lao la historia lingeigiza Bunge la nchi hii, lile baraza la chini la miaka ya kati ya vita vikuu viwili. Kila mwanafunzi alipewa mjumbe mmoja wa wakati ule, asome habari zake, avae kama yeye, na siku ya maonyesho akalie kiti chake. Sisi wazazi tungekaa juu roshani, kama wageni waliokuja kusikiliza. Kulikuwa na mawakili, wenye mashamba makubwa, watu wa migodi, daktari mmoja mmoja. Wote wazungu, wote wanaume, maana mwanamke alikuwa bado hajatia mguu mle. Yeye akaangukiwa na mfuga kondoo wa huko kwenye nchi kame, mtu wa benchi la nyuma, ambaye miaka yote aliyokaa Bungeni hakufungua kinywa. Alipiga kura tu, akarudi kwa kondoo wake. Na mwalimu alishasema: ambaye hakusema wakati ule, na kwenye maonyesho hasemi.

Nilipandwa na mori! Mtoto huyu nyumbani anaongea mpaka na jiko. Lakini tangu ahamie shule ile, kila kikao cha wazazi wananiambia ni mpole, hanyooshi mkono, sauti yake hawaijui. Na safari hii alikuwa amejitia moyo. Kabla hata hajajua atapewa mjumbe gani, alishaanza mazoezi ya hotuba bafuni, jirani wa chini akawa anagonga dari. Alitaka wamsikie, basi, mara moja tu. Halafu wanampa bwana asiye na neno!

"Nakwenda shule kesho," nikamwambia.

"Mama, eish, usiende. Please."

Sikwenda. Nikaenda kumwaga hasira kazini. Chumba cha kushonea pale Marshalltown nashirikiana na mama mmoja wa Lubumbashi, mimi nikishona kanzu na mabaibui, yeye mavazi ya kwaya. Alinisikiliza, pini zimemjaa mdomoni, akazitoa moja moja.

"Banamukatalia kusema? Alors, anaenda kufanya nini kule?"

"Kukaa."

"Bon. Basi akae vizuri. Tumushonee koti."

Jamani, tulivyoichangamkia ile kazi! Binti yangu alituonyesha kwenye simu picha ya waheshimiwa wenyewe, wamepangwa safu kwa safu, masharubu, minyororo ya saa matumboni, kofia magotini. Picha nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kila mmoja wetu akaiona kwa rangi yake. Mimi nikasema suti ni kijivu. Mwenzangu akaapa ni kahawia, na kizibao lazima kiwe cha hariri mpaka mgongoni, kwamba mwanamume anayejiheshimu hata mgongo wake unapendeza. Mfuga kondoo, hariri ya nini? Tukabishana mpaka wateja wakawa wanatucheka. Hariri ikashinda. Mtoto alipoivaa nikamzungusha mara mbili, nikamwambia umependeza, wallahi, utafikiri nchi ni yako. Akatabasamu kidogo, akasema, "Lakini sisemi kitu, Mama." Iliniuma sana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa jengo la zamani katikati ya mji, ambao Jumapili huwa kanisa. Nikapanda roshani na mwenzangu, tukajibana mbele kabisa. Chini wabunge wakaingia, suti zao kubwa, masharubu ya sufi. Kofia zao waliambiwa waziache mezani nje ya mlango, zisizibe picha za wazazi. Binti yangu akakaa benchi la mwisho, kizibao kikimeta. Mwalimu ndiye alikuwa Spika.

Mswada wa siku ile ulikuwa wa kuwapa wanawake kura. Hapo ndipo palipokuwa patamu! Kijana mmoja akasimama, mkono mfukoni, akasema siasa ya mwanamke iishie jikoni. "Ala!" nikasema, na sikujua kama nimesema kwa sauti. Spika akanyanyua macho, akatukumbusha kwamba mgeni akipiga kelele anatolewa nje. Mwenzangu akanifinya paja. Wakasimama wengine, hotuba juu ya hotuba, makofi, zomeazomea, na watoto walikuwa wanajua kweli kusema, siwezi kuwanyima haki yao. Kila aliyesimama, mimi nilimtazama wangu. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini.

Kengele ikalia. Milango ikafungwa kwa funguo. Spika akaeleza kwamba sasa wabunge watagawanyika, wa ndiyo kulia, wa hapana kushoto, na kila aliyemo ndani lazima ahesabiwe. Akaongeza desturi moja ya Bunge lile, waliyoirithi London: milango ikishafungwa, hakuna kusimama kusema. Mwenye hoja ya utaratibu, awe nani, ataisema akiwa amekaa na amefunika kichwa.

Ukumbi mzima ukacheka. Kofia zote ziko nje!

Nikaona mkono umepanda benchi la nyuma. Binti yangu alikuwa amekaa, na juu ya suti yake ya kizungu alikuwa na ushungi wake, kama anavyovaa kila siku ya Mungu. Mwalimu akamtazama. Akatazama karatasi yake. Akamtazama tena, akaanza kucheka, akajizuia.

"Mheshimiwa amekaa, na amefunika kichwa," akasema. "Aendelee."

"Mheshimiwa Spika, mswada unasema wanawake." Sauti ilitetemeka mwanzo, kisha ikakaa sawa. "Mama yangu yuko pale juu. Anashona nguo hapa hapa mjini. Kwenye huo mswada, yumo?"

Vichwa vyote vikageuka. Mwalimu akashusha karatasi yake.

"Hayumo. Ni wanawake wazungu tu."

"Na mimi nikikua?"

"Na wewe pia humo."

"Asante, Mheshimiwa Spika."

Wenzake wakaanza kusimama na kugawanyika. Yeye akabaki palepale, peke yake kwenye mabenchi matupu.

"Mbunge wako alipiga kura ya ndiyo," mwalimu akamwambia kwa upole. "Upande wa kulia."

"Najua. Alikosea. Na wale wa kushoto hawataki mwanamke yeyote, kwao siendi." Akakunja mikono juu ya ile hariri yetu. "Nimekaa, Mheshimiwa. Na bado nina la kusema."

Basi tena! Sijui kilichonipata. Nilipiga kigelegele ambacho Tanga nzima ingekisikia, mwenzangu akadakia, na Spika akanyoosha kidole kuelekea kwetu, kwa sababu sheria ni sheria. Mimi niliyeanza nikashushwa kwa ngazi za nje za roshani, nikatolewa mpaka barabarani, machozi yananitoka na huku nacheka. Mlinzi wa mlangoni, baba mmoja Mrundi, akasogea na kiti chake.

"Mama, kuna nini huko ndani?"

"Binti yangu anaongea," nikamwambia, sikio nimelibana kwenye mlango. "Nyamaza nimsikie."