Mwiko Alionichorea Mume Wangu

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana watoto wangu wote wako humu. Mimi ni bibi wa miaka sabini na mitatu, naishi Kibondo, na huyu ninayetaka kumsema nimeishi naye kwenye ndoa miaka hamsini. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Miaka ya sabini mimi na mume wangu tulikuwa wachoraji. Tulianzia Kasulu, tukahamia Kibondo, tukachora mabango ya maduka na ya vijiji vipya mpaka kule Mabamba. Yeye alijua herufi. Picha nilichora mimi, kwa sababu kila pua aliyochora yeye ilitoka kama kitunguu. Lakini wateja walimpa mkono yeye, mimi wakaniuliza kama chai iko tayari.

Nikamwambia tujichore wote wawili kwenye ubao mmoja, kila mtu ameshika brashi, tutundike kwenye duka la Mwarabu mmoja sokoni ili watu wajue kazi ni ya wawili. Akakubali. Tulipatana kwamba hakuna kujichora mwenyewe, maana mtu akijitazama kwenye kioo hujipendelea. Asubuhi nilikaa mimi akanichora, mchana akakaa yeye nikamchora. Kwa ujinga wangu hata lile jicho lake lililolegea nililinyanyua. Yeye akaniwekea kitunguu usoni, nikacheka tu, kwa sababu mkononi alinichorea brashi, tena brashi nzuri.

Kisha nikaenda Kasulu kumuuguza mama. Nilimwachia kazi ya kupaka vanishi, basi. Niliporudi nilipitia dukani na mzigo wangu kichwani, nikakuta picha imeshatundikwa na afisa mmoja mgeni anamsifia mume wangu. Akamuuliza huyu mama pichani ni nani.

"Ni mke wangu," akajibu, ameniona kabisa. "Ndiye anayenipikia nikiwa kazini."

Nikatazama ubao. Brashi yangu imekuwa mwiko. Mwanaume mzima alikaa chini na rangi ya kahawia kunitengenezea mwiko, na hata huo mwiko ulimshinda, umepinda.

Nyumbani nilipomuuliza alisema watu wangemcheka. Nilikuwa na mimba ya kwanza, nikaliacha hapo. Lakini tangu siku ile namdharau, nasema wazi. Nimempikia, nimemzalia watoto sita, nimemchorea kila picha aliyosifiwa, na moyoni sijamheshimu hata siku moja.

Sasa watoto wanakuja mwezi ujao kusherehekea ndoa yetu, na wanataka picha ile isimame mbele ya wageni. Unyevu wa stoo yetu umeiharibu. Uso wake umebanduka, na mwiko nao umeanza kubanduka, brashi inachungulia chini yake. Jana alinijia na kopo la rangi.

"Mama, nirudishie uso wangu," akasema. "Na hapo kwenye mwiko, pazibe kidogo."

Miaka hamsini, ndiyo mara ya kwanza anakiri kwamba mchoraji ni mimi. Na amekiri kwa sababu anataka uso.

Nikiukwangua ule mwiko, watoto watamjua baba yao mbele ya watu, naye siku hizi ni mzee wa kanisa. Nikiuziba, nitakuwa nimejichorea mwiko kwa mkono wangu mwenyewe. Rangi ninayo, kisu cha kukwangulia ninacho. Wanangu, nipeni akili: nianze na uso wake, au nianze na mwiko?