Asali Iliyoonjwa Mbele Yangu

Mdogo wangu hakuwa mtu mzuri. Naanza na hilo kwa sababu msibani kilisemwa kinyume chake, kwa kipaza sauti, siku mbili mfululizo, na watu walewale ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wakimwita mwizi wa mabati ya zahanati. Alikuwa diwani wetu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokuwa shambani, kwa hiyo nina haki ya kusema: alikuwa na akili, alikuwa mcheshi mbele za watu, na ndani ya nyumba yake alikuwa mkatili. Mke wake akamuua kwa sumu. Moja halifuti lingine, na anayetaka nichague upande atafute msimuliaji mwingine.

Mimi ni fundi cherehani, Mpanda mjini. Wao walikaa upande wa Inyonga, katika kata ya tumbaku na asali, na kila baada ya miezi miwili mitatu nilipanda basi kwenda kuwaona. Nilikuwa nashuka nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Wifi yangu alinipokea mzigo, akanichemshia maji ya kuoga, akanitandikia. Sikumpenda hata siku moja. Alikuwa mkimya, na mimi mtu mkimya simwamini. Najiuliza maneno yake anayaweka wapi. Kwa dada zangu nilimsema kwamba anaringia cheo cha mumewe. Ukweli ni kwamba sijawahi kumwona akiringa. Nilimwona akitembea taratibu, ameshika ubavu, nikaamua kuyaita hayo maringo.

Tangu apate udiwani, mdogo wangu aliacha kula kwa watu. Wapinzani wake walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wa chama chake mwenyewe. Kwenye harusi aligeuzageuza pilau kwenye sahani hadi likapoa, kisha akasema daktari amemkataza mafuta. Maji alitembea nayo. Kitu pekee cha nje alichokubali ni kile kilichoonjwa mbele yake, na katika hilo hakuwa na ajabu yoyote, maana kwetu ndivyo tulivyolelewa. Aliyeleta togwa, pombe au asali huonja kwanza yeye, mbele ya anayepokea. Anameza, mnaongea kidogo habari za mvua, halafu na wewe unapokea. Hakuna anayekasirika. Ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni.

Mtu mmoja tu haombwi kuonja, naye ni mke. Ukimwambia mke wako aonje uji aliokukorogea, umemwita mchawi, na kesho yake wakwe zako watakuja kuuliza. Basi mdogo wangu, aliyeogopa kata nzima, alikuwa anakula kwa mkono mmoja tu bila kuuliza. Na ushauri huo nilimpa mimi. Nilimwambia, kula kwa mkeo, kwingine kote wadanganye. Nilijiona mwerevu sana.

Kiangazi kile nilikaa kwao wiki nzima. Kulikuwa na mzee mmoja, mrina asali, aliyeishi na mkewe pembeni mwa msitu na kutundika mizinga tangu ujana wake. Kila alipovuna alimletea mdogo wangu kidumu kidogo, kwa sababu alijua ana vidonda vya tumbo na kila asubuhi anakunywa asali katika maji ya vuguvugu. Siku hiyo alinikuta barazani nachambua mchele. Mdogo wangu alikuwa ndani anafoka kwenye simu. Mzee akavua kandambili, akaomba kijiko kwa wifi, akafungua kidumu, akachovya, akalamba kijiko pande zote mbili, akanigeuzia nikione.

"Umeona, mama?" aliniuliza.

"Nimeona."

"Basi mwambie mheshimiwa nimefika."

Akanimiminia na mimi kidogo kiganjani, nikalamba. Ilikuwa bado na vipande vya nta. Mdogo wangu alipomaliza kufoka akatoka, naye akalamba, wakaongea habari za barabara, mzee akaenda zake. Hakuna aliyeugua. Wifi akachukua kidumu akakiingiza ndani.

Siku ya tatu, asubuhi, alimkorogea mumewe kikombe kama kawaida. Kabla ya saa sita mdogo wangu alikuwa anatokwa na jasho na mate, macho yamegeuka, hajui jina langu. Tukampakia kwenye gari kumkimbiza Mpanda. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu na mimi nilikuwa namgombeza dereva kwa kila shimo. Hatukufika. Nilijua kabla ya wengine wote mle garini, nikaendelea kumgombeza dereva, kwa sababu sikutaka gari lisimame.

Tuliporudi na mwili, wanawake wakiwa ndiyo kwanza wanaanza kulia, wifi alisema sentensi moja. Alisema marehemu hakutia kitu kinywani tangu alfajiri isipokuwa ile asali. Hakuisema kwa sauti. Hakuhitaji, maana ndani ya dakika chache ilikuwa imefika barabarani.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, akaniita nyuma ya nyumba. Walikuwepo na wanaume wa kampeni, wale waliokula jasho la mdogo wangu miaka yote, sasa kila mmoja anataka aonekane ameumia kuliko mwenzake. Baba mdogo akaniuliza swali la haki kabisa, swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeanza nalo.

"Yule mzee alipoleta asali, wewe ulimwona akionja?"

Nilichokiona nilikijua. Nilikuwa bado naweza kuhisi nta kwenye meno. Lakini kama mzee alionja, na mimi nikaonja, na marehemu akaonja, basi asali iliingia mlangoni ikiwa safi, na sumu ilitoka ndani ya nyumba yetu, kwenye mkono ambao mimi mwenyewe nilimwambia auamini. Hilo sikuwa na kifua cha kulibeba siku ile. Nilitaka muuaji awe mtu wa mbali, mtu wa msituni, ambaye hajawahi kukaa nasi kwenye picha ya Krismasi.

"Sikuona," nikasema.

Neno moja. Sikuapa, wala hakuna aliyenitaka niape. Baba mdogo akatikisa kichwa taratibu, na wale wanaume wakawasha bodaboda.

Sikwenda huko. Niliyafahamu baadaye, kwa watu waliokuwa wanasimulia wakicheka kidogo mwanzoni na kuacha kucheka kadiri walivyoendelea. Walivunja mizinga iliyokuwa uani. Wakachoma nyumba. Wakampiga mzee, na mkono wake wa kulia, ule wa kurinia, waliuweka juu ya gogo wakauponda kwa mpini wa shoka. Kila alipojaribu kujieleza walimjibu, dada yake mheshimiwa amesema hukuonja. Polisi walifika wakamtoa mikononi mwao, wakamweka ndani kama mtuhumiwa, na nadhani ndiyo sababu yuko hai. Mkewe alibaki kwa jirani na nguo alizovaa. Wiki hiyo mimi nilikuwa nashona sare za msiba. Nilishona nyingi, na mishono yote ilinyooka.

Majibu ya mkemia yalichelewa, lakini yalikuja. Asali ya kwenye kidumu ilikuwa safi. Kikombe ndicho kilichokuwa na dawa ya kunyunyizia tumbaku, na chupa yake ilikutwa imefukiwa nyuma ya choo chao. Wifi hakubisha hata kidogo. Mzee akaachiwa, akarudi kwenye majivu yake, na hakuna aliyempelekea hata bati moja. Wale waliomchomea nyumba walikuwa na methali tayari, kikulacho ki nguoni mwako, wakawa wanaisema vilabuni kana kwamba wao ndio waliogundua. Niliwachukia kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Mpaka leo nikimkuta mmoja wao stendi navuka barabara.

Mahakamani wifi aliongea maneno mengi kuliko niliyopata kumsikia katika ndoa yake yote. Alisema mbavu zilivunjika lini. Alisema jino lilitoka lini. Alisema mumewe alimwambia baada ya mavuno atamrudisha kwao mikono mitupu na kumleta mwanamke mwingine katika kitanda hichohicho. Hakulia, alisema kama mtu anayetaja vitu vya kununua dukani. Kisha akanigeukia.

"Wifi alikuwa sebuleni mara mbili," akasema. "Muulizeni."

Nikaulizwa. Na kweli nilikuwa sebuleni. Mara ya kwanza niliongeza sauti ya redio. Mara ya pili nilitoka nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka, na baadaye nikamketisha wifi kwenye mkeka nikamwambia ndoa ni uvumilivu, kwamba mume akiwa mkubwa hukasirika kikubwa. Maneno hayo niliyatoa mimi, kwa mdomo huu, nikaomba na chai. Sasa nimesimama mbele ya jaji, na kinywa kilikuwa kimeshazoea njia yake.

"Sikuona," nikasema tena.

Wifi aliniangalia kidogo tu, kisha akatazama mbele. Alifungwa, na yuko huko mpaka leo.

Simsamehe. Watu wa kanisani wananiambia nisamehe, na mimi nawauliza wanaanza lini kuuguza mikono ya wazee. Kumuua mume wake ni jambo lake na Mungu, na huenda Mungu ana maswali kwa mdogo wangu pia. Lakini kumtupia mzee wa watu kifo alichokikoroga mwenyewe kwa kijiko chake, hilo nalishikilia. Tatizo langu ni kwamba hasira hii huniishia njiani kila ninapoifuata hadi mwisho. Wifi alisema mumewe hakutia kitu kinywani isipokuwa asali, na asali kweli aliinywa. Uongo ulikuwa wangu.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba sina nauli, kwamba nina kazi za watu, kwamba mzee mwenyewe ameshasahau. Upuuzi. Nilikuwa naogopa. Kiangazi kilichopita nikafunga cherehani siku mbili, nikashona shati la mikono mirefu kwa kukisia kipimo, nikachukua sukari na sabuni, nikapanda basi.

Nilimkuta kwenye kijumba cha miti na udongo alichojengewa na shemeji yake, mahali palepale. Mizinga hakuna. Alinitambua nikiwa bado mbali, na hakufanya haraka yoyote. Alinipa kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mpanda, maneno mazuri yenye Mungu na ibilisi ndani yake, na nilipofungua mdomo akainua mkono wa kushoto, nikanyamaza. Akaingia ndani. Akatoka na chupa ndogo ya asali na kijiko, akakaa mbele yangu kwenye kinu kilicholazwa.

Mkono wa kulia aliuweka mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimekauka kwa kujikunja, havifungi wala havifunguki. Akaibana chupa kwa magoti, akafungua kifuniko kwa mkono wa kushoto.

"Utanisamehe, mama, kukuhudumia kwa kushoto," akasema. "Huu mwingine haushiki."

Mimi ndiye niliyepaswa kuomba msamaha, na yeye ndiye aliyeuomba; nilitamani anipige badala yake. Hakunipiga. Akachovya kijiko, akakilamba upande mmoja, akakilamba upande wa pili, bila haraka, macho yakiwa usoni kwangu. Akameza. Akakigeuza kijiko nikione.

"Umeona?"

"Nimeona," nikasema.

"Sema kwa sauti. Mke wangu yuko jikoni, na masikio yake si mazuri tangu siku ile."

Nikasema tena, kwa sauti. Sauti ilinitoka vibaya, imepasuka, na kwa jirani mbwa akabweka. Jikoni vyombo vikanyamaza. Yule mama akauliza, bila kutoka, ni nani huyo anayepiga kelele nyumbani kwake.

"Ni dada yake mheshimiwa," mzee akamjibu. "Anasema aliona."