Ulimi wa Armandine

Armandine alikuwa na miaka kumi na mmoja pale baba yake alipokutwa mtaroni, asubuhi ya baridi kali, amekakamaa kama gogo. Firmin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hodari wa kupogoa miti, na siku akiamka mzima aliimba mpaka kuku wakamzoea. Ila kila asubuhi kahawa yake ilitiwa pombe kali ya mapeasi, ile ambayo watu wa kwao, upande wa Domfront, huiita "tone", ingawa Armandine hakupata kumwona mtu aliyeishia kwenye tone. Siku ya maziko wanaume walirudi kutoka makaburini, wakajaa jikoni, wakamlilia Firmin kwa chupa zile zile zilizomuua. Mtoto akasimama kando ya kabati, akawatazama wakimeza, akajiapia kimoyomoyo: hiki kitu hakitaingia kinywani mwangu.

Lakini moyo hauulizi njia. Alipofika miaka ishirini na mbili aliolewa na Gervais Heuzé, ambaye ukoo wake ulikuwa ukitengeneza mvinyo wa mapeasi tangu babu wa babu yake. Jirani yao Huguette, ambaye mdomo wake haukuwa na kizibo, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shoga, umeolewa na mvuvi halafu hutaki shombo?"

"Nimeolewa na Gervais," Armandine akamjibu. "Sikuolewa na pipa."

Na kweli, kazi hakuikimbia. Kila Oktoba alipiga magoti kwenye nyasi zenye umande akiokota mapeasi madogo, magumu, ambayo ukiyauma mabichi yanakukunja uso. Alisugua mapipa, alisafisha kinu, alifunga vizibo mpaka vidole vikafanya sugu. Mezani alikunywa maji. Gervais hakumlazimisha hata siku moja, wala hakumwuliza sababu, kwani kijiji kizima kilimjua Firmin.

Miaka ikaenda hivyo, watoto wakakua wakaondoka. Januari moja, Gervais akiwa na miaka hamsini na mmoja, alipanda ngazi kukata vimelea vinavyonyonya mipeasi wakati wa baridi. Ngazi ikateleza kwenye sakitu, umande ulioganda. Akaanguka chali, kisogo kikagonga mzizi. Alilala hospitali wiki mbili, akarudi anatembea, anaongea, anatania kama zamani, na kila mtu akamshukuru Mungu.

Asubuhi moja Armandine aliacha maziwa motoni akaenda kuwapa kuku chakula. Aliporudi moshi ulikuwa umetanda, sufuria imekuwa nyeusi tititi, na Gervais amekaa hatua mbili kutoka kwenye jiko, ameligeuzia mgongo, anasoma gazeti.

"Gervais! Maziwa yanaungua, huoni?"

"Yako nyuma yangu, ningeyaonaje?"

"Na pua je?"

Gervais akalikunja gazeti taratibu, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkono. "Daktari alisema huenda harufu zitarudi," akasema. "Usimwambie mtu."

Aprili ulipofika wakati wa kutia mvinyo chupani, Gervais aliutia kwa kubahatisha. Mvinyo wa mapeasi hauachwi uchachuke pipani hadi mwisho. Hutiwa chupani ungali na sukari kidogo, ili utoe povu humo humo. Sukari ikizidi, chupa haivumilii, na ikipungua unakunywa maji yaliyolala. Siku ya kutia huamuliwa na kinywa cha mwenyewe, na kinywa kisicho na pua hakina la kusema. Julai chupa zikaanza kupasuka, moja, tatu, kumi, kama bunduki za wawindaji. Kwa wiki nzima hakuna aliyethubutu kuingia ghalani. Walipofungua mlango, zaidi ya nusu ya kazi ya mwaka ilikuwa sakafuni.

Gervais akakaa kizingitini. "Mapipa tumwachie mwingine," akasema. "Kipofu hachungi ng'ombe."

Armandine alizoa vigae kwa siku mbili. Alikuwa akidhani kwamba pombe ikiondoka nyumbani mwake angefurahi, na sasa ilikuwa ikitiririka yenyewe kwenda mferejini, lakini furaha hakuiona. Alimwona mume wake tu, ameketi juani na mikono imelala mapajani kama si yake. Alipoinama na ufagio alijiuliza kama kiapo chake kilikuwa cha kuichukia pombe, au cha kumkasirikia baba aliyekufa kabla hajaambiwa neno.

Machi iliyofuata alimkuta Gervais amesimama mbele ya pipa na glasi mkononi, hafanyi kitu.

"Nitilie kidogo."

"Armandine, usijitese."

"Nitilie kabla sijabadili mawazo."

Alikunywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akalitema kwenye ndoo. Alikuwa amejiandaa kukutana na harufu ya baba yake, lakini hakuikuta.

"Kuna asali," akasema polepole, "ila inakaa mbele tu. Nyuma kuna kitu kinakwaruza, kama ganda la tufaha bichi."

Gervais akamsogelea. "Kinakwaruza ulimi au ufizi?"

"Ufizi."

"Na asali? Ukitema inaondoka?"

"Haiondoki. Inang'ang'ania."

"Bado wiki mbili," akasema Gervais, na kwa mara ya kwanza tangu Januari ile akanyoosha mgongo.

Mwaka ule haikupasuka hata chupa moja. Huguette alipopata habari alikuja mbio.

"Mtakatifu wetu anatema mvinyo! We, kutema ni dhambi kuliko kumeza!"

"Basi njoo ukinge ndoo," akasema Armandine.

Mwaka wa nne waligombana. Armandine alionja akasema, "Leo." Gervais akauliza maswali yake, akahesabu, akatikisa kichwa.

"Siku kumi bado. Mapipa haya nayajua tangu utoto."

"Unayajua. Lakini niliyeonja ni mimi."

Gervais akatoka akaenda kwa ng'ombe wake, na kwa siku mbili ndani ya nyumba ile aliyesemeshwa ni paka tu. Armandine akamwita Huguette, wakajaza chupa wote wawili.

Kiangazi akafungua ya kwanza, akammiminia mumewe glasi. Gervais aliinua glasi akaipeleka sikioni. Akasikiliza povu kwa muda mrefu, amefumba macho.

"Dogo dogo," akasema. "Wala halina haraka. Baba yangu hakulifikisha hapa." Akanywa, akaiweka chini. "Haya, mama. Niambie nimekunywa nini."

Armandine akavuta kiti, akamweleza.

Pua ya Gervais haikurudi kamwe. Waliishi hivyo miaka kumi na tisa zaidi, mmoja akionja, mwingine akiuliza, mpaka Gervais alipofariki kitandani mwake wakati wa kukata majani. Machi iliyofuata Huguette alipita karibu na ghala akasikia sauti. Alichungulia, akamkuta Armandine peke yake kati ya mapipa, glasi mkononi, akisema kwamba mwaka huu asali imechelewa na ukwaruzo umehamia ulimini.

"Unaongea na nani, shoga?"

Armandine akafuta mdomo kwa pindo la aproni.

"Sijui kuonja kimya," akasema.