Nusu Kichwa

Dada yangu ni msusi, na sijaona wa kumfikia. Wateja wake wote hukaa kwenye kiti isipokuwa binti yake. Huyo humkalisha chini kwenye mto, mabega katikati ya magoti yake, kama alivyomsuka tangu utotoni. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Kwenye saluni yetu mama ndiye anayekitazama kisogo cha mwana, na kwa kuwa hawaonani uso, husema mengi.

Jumamosi ile dada aliyarudia yale yale. Binti ana miaka thelathini na miwili, ameolewa miaka mitano, na hana mtoto kwa sababu hajaamua kama anataka. Mumewe alikuwa amechoka kungoja. Walikuwa wamekubaliana kwamba akija kumchukua saa kumi atapewa jibu. Sote mle ndani tulilijua hilo, hata mimi niliyejifanya naosha machanuo.

"Zaa mmoja tu," dada alisema, akigawa nywele. "Ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Ng'ombe hakuulizwa kama anaitaka," nikasema.

"Wewe osha machanuo."

Binti hakucheka. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshasukwa mistari myembamba iliyonyooka, upande wa pili nywele zimetimka. Akauliza polepole, macho sakafuni.

"Mama, ungerudishwa nyuma, ungenizaa?"

Mikono ya dada ikasimama. Nimefanya naye kazi miaka ishirini na sijawahi kuiona ikisimama katikati ya mstari.

"Maswali gani hayo?"

"Nijibu tu. Kila nikija hapa unanihubiria. Nataka kujua kama unaninadia kitu ambacho mwenyewe usingekichukua."

"Nakupenda, mwanangu."

"Sijakuuliza hilo."

Niliogopa, nasema kweli, maana jibu nilikuwa nalo. Miaka ishirini na tisa nyuma, dada yangu alimkalisha mtoto wa miaka mitatu kwenye benchi la kituo cha basi, akampa biskuti, akapanda basi peke yake. Alishuka kituo cha pili na kurudi mbio, kiatu kimoja mkononi. Mtoto alikuwa bado anakula. Aliniambia mimi tu, na mimi nisiyejua kutunza siri, hii niliimeza.

Binti akajaribu kuinuka. "Basi niachie, nitaondoka hivi hivi."

"Huwezi kutoka na nusu kichwa."

"Nitafunga kitambaa."

Magoti ya dada yakambana mabega. "Kaa," alisema. "Kaa nikwambie. Nisingezaa."

Bomba lilikuwa bado wazi. Nikalifunga.

Akamweleza yote. Alikuwa na miaka kumi na tisa, chuo cha uuguzi kimeshamwita, tumbo likamwahi. Kila mtu alimwambia atazoea. Akaelezea benchi, biskuti na basi. "Nilitaka kuona kama bado naweza kwenda mahali," alisema. "Nikaona naweza. Hilo ndilo lililonitisha, nikashuka."

Nilisubiri binti apige kelele. Angepiga, ningejua la kufanya.

"Naikumbuka ile biskuti," akasema. "Nilidhani niliota." Halafu: "Sasa kwa nini unanisukuma nizae?"

Dada akaweka chanuo chini. "Nilitaka nirudie. Nilee mmoja bila kinyongo."

"Mama, mtoto wangu si kiraka."

"Najua. Nimelijua sasa hivi, nilipolisema."

Akaokota chanuo, akaendelea. Upande ule wa pili ulichukua saa mbili. Mara moja niliona chozi la dada likidondoka kwenye njia ya nywele. Binti hakulifuta.

Saa kumi mume akafika, akasimama mlangoni na funguo mkononi. Ni kijana mwema, sina la kumsema.

"Hapana," binti alimwambia kabla hajauliza. "Sitaki kuzaa. Nimekuzungusha miaka yote hii kwa kuogopa kulisema. Twende nyumbani, kama ni kukasirika ukasirike huko, lakini usiningoje tena."

Mume alimgeukia dada yangu, maana siku zote dada ndiye aliyekuwa mtetezi wake. "Mama, mwambie."

"Umemsikia, baba. Mimi hakuna aliyeniuliza. Huyu ameulizwa na amejibu."

Wakatoka, mume akitangulia. Dada akachukua ufagio na kufagia mahali pamoja, akirudia.

"Harudi," akaniambia. "Nimempoteza huku namtazama."

Nikamshikia kizoleo, ingawa hapakuwa na cha kuzoa.

Mlango ukafunguka tena. Binti aliingiza kichwa tu, mistari yote imekamilika.

"Mama, baada ya wiki sita, Jumamosi, una nafasi?"

Hajawahi kuuliza. Siku zote alipenyezwa baina ya wateja, akasukwa kwa vipande. Dada akafungua daftari la miadi. Siku ile ilikuwa imejaa, na kwenye mstari wa kwanza kabisa alikuwepo bibi harusi. Akaukata kwa kalamu, akaandika juu yake: *Mwanangu*.

"Saa mbili asubuhi," akasema. "Usichelewe."

Bibi harusi nikaachiwa mimi, ambaye mistari yangu hupinda, na sikulalamika.