Niligeuza kroshe za Kahindo nikidhani ninasahihisha

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Nitaandika nilichokiona tu. Nisipojua nitasema sijui. Shule niliishia la pili sekondari, kwa hiyo wenye hesabu zenu mnihurumie.

Kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka hapa Katoyi. Vita vilipofika upande wa Rutshuru, tulipokea nyumbani mama mmoja na binti yake, Kahindo. Binti alikuwa amebakiza wiki mbili afanye egzamen ya Leta, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Kaye zake zote, yaani madaftari, zilibaki walikokimbia.

Mwenzake akamwazima fotokopi za hesabu kwa siku tatu. Kahindo alikuwa akishinda kwenye foleni ya maji, nikajitolea kumnakilia. Mwandiko ninao, hapo sijidharau.

Nikafika kwenye fonksioni za eksponensieli. Swali: tafuta image, yaani majibu yote ambayo fonksioni inaweza kutoa. Jibu la 2ˣ:

]0, +∞[

Wakuu, kroshe, yaani yale mabano, zimepeana mgongo kama wake wenza! Nikasema hii ni mashine imekosea. Nikazigeuza zote zikumbatie vizuri, kurasa nne nzima. Fotokopi zikarudi kwa mwenyewe. Nikalala nikijisifu.

Kahindo akakariri siku tano. Ya sita akanijia na kaye.

"Papa, natafuta x ya kutoa zero tangu asubuhi, sipate. Kwenye fotokopi kroshe zilikuwa hivi?"

Ningeweza kuisingizia mashine. Hata mdomo niliufungua.

"Hapana. Ni mimi niligeuza."

Mama yake akaangua kicheko. "Ee, Papa! Hii si kibao ya saluni!"

Kahindo hakucheka. Fotokopi hazipo, na kaye hakuiamini tena. Ikabidi tutafute wenyewe.

Akachukua kaa la makala na ubao wangu mmoja. x ikiwa tatu, nane. Ikiwa zero, moja. Hasi moja, nusu. Hasi mbili, robo.

Mimi nikachukua kamba ya bâche, ya kufungia turubai, na kisu. Nikakata nusu, nikabakiza nusu. Tena. Tena. Mpaka kikabaki kipande kama ukucha.

"Na nikikata wiki nzima?"

"Kitabaki kitu tu, Papa. Kidogo sana, lakini kitu."

Basi zero haimo ndani, ndiyo maana kroshe inaipa mgongo. Na juu hakuna mwisho: x ikikua, jibu linakua.

Swali lililofuata lilikuwa 2ˣ + 3. Nikaangalia kamba muda mrefu.

"Hii haitafika tatu," nikasema.

"Ndiyo, Papa! ]3, +∞["

Sijui kama mnaelewa furaha ile. Mzee kama mimi.

Tukazifuta kroshe zote kwa wembe, moja moja, tukazirudisha zilivyokuwa.

Siku ya mtihani nilimngoja barabarani.

"Waliuliza?"

Alininyooshea viganja viwili, vimepeana mgongo.

Mtihani alipita. Sisemi ni kwa sababu yangu. Ila angeanguka, ingekuwa kwa sababu yangu, hilo nasema.

Nilichojifunza: kitu nisichokielewa, niulize kwanza kabla sijakinyoosha. Si kila kilichogeuka kimekosewa.

Sasa wakuu, nisaidieni. Ya zero nimeielewa. Lakini kule kwenye infini, ile ∞ isiyo na mwisho, mbona nako kroshe inageuka? Kahindo amenieleza mara mbili, nimeona haya kumuuliza ya tatu.